Marehemu Anayebeba Ndizi

Dakika ya kumi na mbili ya filamu, marehemu alipita nyuma ya muuaji wake akiwa amebeba mkungu wa ndizi.

Nuriat aliacha kuandika. "Huyu si ndiye aliyeuawa?"

"Ndiye," alisema Mujuni, mwenye filamu.

"Ameuawa saa ngapi? Mbona sijaona?"

"Kipande cha kifo hakipo. Nimekifuta."

Walikuwa wamekaa benchi la nyuma, kwenye ukumbi mdogo wa Muleba, madirisha yamezibwa kwa khanga ili picha ionekane ukutani mchana. Nuriat alitoka Bukoba asubuhi. Kazi yake ni kusambaza filamu, na wasambazaji wawili wa Mwanza walishamkatalia Mujuni. Akikataa na yeye, kazi ya miaka miwili inaishia ndani ya kompyuta, na waigizaji ishirini waliojitolea bure wanarudi mashambani kuchekwa.

Benchi la mbele walikaa mama mmoja na binti yake. Nuriat aliwachukulia kuwa majirani waliokuja kutazama.

Ukutani, mpiganaji mkuu Datius alikuwa anaapa. Alipiga magoti, akachota udongo. "Kaka yangu, damu yako nitaidai." Nyuma yake, mlangoni, kaka huyo alikuwa anamenya ndizi.

"Anamlilia nani?" Nuriat aliuliza.

"Huyo."

"Huyo anayemenya?"

"Ndiyo, dada."

Nuriat aliandika. Gobore lilipiga mara tisa bila mtu kulishindilia. Datius aliingia kwenye mibuni bandeji ikiwa mkono wa kushoto, akatokea upande wa pili iko kulia. Mtu aliyekatwa panga shingoni alianguka na kofia yake kichwani, na dakika tatu baadaye akawa anakimbia na wenzake. Watu walikufa mmoja baada ya mwingine kwa ajili ya kijana ambaye kila mara alipita na ndoo, au na baiskeli, au alisimama tu akijikuna mgongo.

"Mujuni, gobore na bandeji nitavumilia," Nuriat alinong'ona. "Wateja wangu wamezoea. Lakini mtu anachinja ukoo mzima, na sababu yenyewe inapita na baiskeli? Watanirushia chupa."

"Najua."

"Basi mwite huyo kijana mkirudie hicho kipande. Kazi ya siku moja."

"Hapatikani."

"Anajidai staa?"

Mujuni alikaza macho ukutani.

"Sikiliza. Bila kifo, sichukui. Na sina sababu ya kukaa hapa." Alivuta mkoba wake.

Mujuni alitazama benchi la mbele, akaushika mkoba kwa mikono miwili. "Waitu, dada yangu, usiondoke. Nakuomba. Kaa mpaka iishe, utoke kama mtu aliyeipenda. Nje huko ukitaka itupe."

"Kwa nini?"

"Yule mama anaitwa Benigna. Kijana ni mwanawe, Joackim. Mwezi uliopita tulimaliza kazi kisiwani Bumbire. Wakati wa kurudi mtumbwi ukapinduka. Sisi saba tuliokolewa. Yeye hajaonekana mpaka leo, wala mwili. Ukoo umechoka kungoja. Kesho wanazika mgomba badala yake, msiba uishe. Mama akaomba amwone mara moja kabla ya kesho."

Nuriat aliuachia mkoba. "Na kwenye filamu anauawaje?"

"Anatupwa ziwani."

Ukutani mtu wa kumi alikufa, kwa kelele nyingi.

"Ningemzamisha tena mbele ya mama yake?" Mujuni alisema. "Nikafuta. Halafu kila kipande chake kilichobaki nikakichomeka popote penye nafasi. Akipita tu, mama anakaa wima. Hujamwona?"

Nuriat alikuwa amemwona. Alichana karatasi aliyokuwa anaandikia, akaikunja ndogo kabisa.

"Nitaichukua," alisema. "Nitaiuza kama vichekesho. Hicho kifo usikirudishe."

Mujuni alijifunika uso kwa viganja, akavuta pumzi ndefu. Tangu siku ya mtumbwi hakuwa amevuta pumzi namna ile.

Zilibaki dakika mbili. Mujuni hakutaka filamu iishe na maiti, kwa hiyo mwishoni aliweka vipande viwili vya Bumbire. Kwanza Joackim alionekana ndani ya mtumbwi, ziwa limechafuka, sweta lake la njano limelowa chapachapa. Kisha akaruka kutoka mtumbwini, akakanyaga mchanga, akageuka na kucheka. Cha mawimbi kilipigwa mchana, cha mchanga kilipigwa asubuhi ya siku hiyo, kabla sweta halijalowa. Sweta lilitoka majini likafika ufukweni likiwa kavu. Nuriat aliliona kosa hilo, akalinyamazia.

Picha ilizimika. Benigna alisimama, akajifunga khanga upya kiunoni. Hakuwa analia.

"Joyness, mpigie baba yako. Mwambie mgomba wauache hapo ulipo. Na waliochimba wafukie shimo lao."

"Mama," binti alisema.

"Piga."

Alitembea mpaka benchi la nyuma, akamshika Mujuni kifundo cha mkono, kwa nguvu.

"Mama Joyness, nisikilize kidogo," Mujuni alisema.

"Nimemwona amevuka yale mawimbi. Nimemwona ameshuka nchi kavu, anacheka. Mtumbwi wa jioni wa Bumbire bado haujaondoka. Wewe ndiye uliyempiga picha, mwanangu. Twende ukanionyeshe aliposhukia."