Skrini Inasema Arobaini

Chai yake haikuwa hata imepoa wakati fundi alipomaliza kulifundisha gari la mdogo wake kusema uongo.

Hakugusa spana. Alichomeka waya chini ya usukani, akafungua programu kwenye kompyuta yake, akabadilisha mambo mawili. Feni za kupoza injini zingechelewa kuwaka, ili maji yapande joto kupita kiasi. Na skrini ya dereva isingepita nyuzi tisini gari likiwa mbioni; likizimwa tu, namba ingeshuka upesi mpaka arobaini na kutulia hapo, hata kama maji ndani ya rejeta yamevuka mia. Maji ya namna hiyo hukaa kimya kwa sababu yamefungiwa. Ukifungua kifuniko, yanakurukia usoni.

Uso ndio alioutaka. Uso wa mdogo wake, dereva wa mashindano ya magari, ulikuwa kwenye mabango, kwenye fulana za mashabiki, na kwenye picha ya harusi iliyotundikwa sebuleni kwa mama yao. Mwanamke aliyesimama ubavuni mwake katika picha hiyo alikuwa mchumba wa fundi kwanza. Fundi ndiye aliyemleta nyumbani na kumtambulisha kwa familia, na kabla mwaka haujaisha akajikuta anamwita shemeji. Alicheza harusini, akala, akapiga makofi. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwambia mdogo wake neno baya hata moja.

Sheria ya gereji ilimrahisishia kazi. Baba yao, aliyeianzisha, alisema dereva hukagua maji ya gari lake mwenyewe baada ya kila mzunguko, hata awe na mafundi wa kumwaga. Enzi zake aliwataka madereva washike kwanza mpira wa maji unaoingia kwenye rejeta kwa kiganja, wasikie joto lake, ndipo waguse kifuniko. Skrini zilipokuja, mdogo alimcheka mzee waziwazi. Kwake gari lilikuwa usukani na kanyagio. Mengine yote aliyaacha kwa kaka. Akiona namba iko chini ya hamsini alifungua, akainama kuchungulia, akafunga. Mbele za watu alipenda kusema kwamba yeye haangalii gari, anaangalia namba za kaka yake, na fundi alitabasamu kama aliyesifiwa.

Siku ya mashindano jua lilikuwa kali. Mdogo alishinda mzunguko wa kwanza, akaingiza gari bandani na kulizima. Fundi alikuwa ameshajitafutia udhuru. Alikuwa kwenye stoo ya matairi upande wa pili, anapekua asichokitafuta, ametega masikio. Alisubiri mayowe.

Badala yake alisikia anaitwa.

Alipofika, boneti ilikuwa juu. Mdogo wake ameegemea gari, amefumbata kiganjani chupa ya maji ya barafu ambayo hakuwa ameifungua. Mkewe yuko pembeni, na mkaguzi wa mashindano amesimama mbele ya gari, maana hakuna gari linalorudi mbioni kabla yeye hajayaona maji kwa macho yake.

"Kifuniko kimekaza," mdogo alisema. "Mikono yangu imechoka na usukani. Hebu nifungulie, kaka."

Fundi alisema si vibaya wakingoja kidogo. Mkaguzi alichungulia ndani ya gari, akasema skrini inaonyesha arobaini, sasa wangoje nini? Au skrini ina kasoro? Kama ina kasoro, angechomeka waya wake sasa hivi aisome kompyuta ya gari yote, mwanzo hadi mwisho. Fundi alicheka, akasema haina kasoro yoyote, ameipima mwenyewe.

Akanyoosha mkono kuomba kitambaa.

"Kitambaa cha nini, shemeji?" mwanamke alimtania. "Arobaini si maji ya kuoga hayo?"

Mkaguzi alicheka. Fundi naye alicheka. Alipiga hesabu haraka: auweke uso mbali, afungue kidogo kidogo, hasara iishie mkononi. Mkono huenda ungepona. Lakini programu ile ikisomwa, angekwenda jela, na huyu mwanamke angejua ni kwa nini. Hilo la pili ndilo lililomtisha zaidi.

Alikibana kifuniko kwa kiganja kitupu. Kilimuunguza papo hapo. Aliuma meno, akaendelea kutabasamu, akakizungusha robo ya kwanza.

Mdogo wake aliiweka chupa chini. Akainua mkono kumwashiria mkewe arudi nyuma, na mkaguzi naye, kisha yeye mwenyewe akarudi. Kiganja alichoinua kilikuwa chekundu, kimeanza kufura malengelenge, mstari mmoja mnene wa upana wa mpira wa maji.

"Inama, kaka," alisema kwa upole. "Chungulia kama ninavyochungulia mimi."