Umejitahidi

Josie wa darasa la pili alipanga vipande vya mbao vyekundu na vyeupe sawasawa na picha, kisha akanitazama usoni.

"Nimepatia, mwalimu?"

Mtihani wake ulikuwa mtihani wangu. Msimamizi alikaa nyuma yangu, akinipa alama jinsi ninavyompima. Ningemdokezea mtoto jibu, leseni ya kuwa mwanasaikolojia wa shule ningeisikia redioni. Apatie au akosee, tunaruhusiwa kumwambia sentensi moja tu, nayo haina hata chumvi.

"Umejitahidi."

Akacheka. "Mwalimu wetu husema hivyo tukikosea."

Buti zake zikichuruzika maji ya theluji chini ya meza, akaanza kuvitoa vipande, kimoja kimoja. Muda ulikuwa haujaisha; akivivuruga, angepoteza alama.

Nikafunika vilivyobaki kwa kiganja.

"Acha, mwanangu. Umepatia."

Nyuma yangu nikasikia kalamu ya msimamizi ikiwekwa mezani.