Kona Isiyo Kwenye Ramani

Mzee Mghanga hakuwa na gundi nzuri, hakuwa na nyasi bandia za dukani, wala hakuwa na kibali. Hata hivyo reli yake ya mfano, yenye mataruma ya njiti za kiberiti na vichaka vya katani, ilijaa sebule nzima.

"Baba, inyooshe kona hii," bintiye Wakesho alimsihi. "Sheria inataka kila mfano ufuate Ramani Mpya. Kesho mkaguzi atauvunja."

"Tulipotandika reli ya kweli tuliipinda kukwepa makaburi ya akina bibi yako. Ramani imeyafuta, sasa na mimi niyafute?"

"Watakuchukua na wewe."

Mzee akaiandikia ofisi ya ramani barua: "Kona ipo. Makaburi yapo. Aliyeipinda reli ni mimi." Akaongeza jina lake na anwani yake kamili, akaifunga bahasha, akaenda mwenyewe kuitia posta.