Fundo la Leso

Zephaniah alifungua mfuko wa hema, akakuta vigingi vimefungwa kwa kipande cha leso ya marehemu mkewe. Fundo mkewe alilikaza mwenyewe mwaka jana, walipopiga kambi bila kulipa papa hapa msituni, nje kidogo ya London. Zephaniah alizoea kuwatambia watu kwamba fundo la mama huyo lingemzuia ndovu mwenye hasira.

"Baba, kata tu! Mvua hiyo inakuja!" Bintiye alimpa kisu.

Akaligusa fundo. Unywele mmoja wa mvi ulikuwa umenaswa ndani yake, ukitetemeka kwa upepo.

"Mama yako huyu," alisema, akijaribu kucheka, "hata leo hataki nilale bila ruhusa yake."

Akarudisha kisu, akaketi majanini, vigingi mapajani. Matone ya kwanza yakamwangukia kichwani.