Ng'ombe Mwenye Tai

"Jemadari alikasirika sana," Abdiel aliandika, akatuma kwa fahari ya mtu aliyekomboa nchi.

Malkia wa Majivu, kiongozi wa mchezo wao wa kuigiza kwa maandishi kwenye kundi la simu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona sura, alijibu papo hapo. "Hasira hiyo nitaionaje? Niandikie mikono yake inafanya nini. Ukirudia uvivu huo, nakutoa kwenye kundi."

Kutolewa! Abaki kijijini Akheri kwa bibi yake likizo nzima, yeye na migomba? Abdiel alijifuta jasho, akaandika: "Jemadari alikunja ngumi hadi kucha zikamchoma. 'Toka hapa, kikongwe wewe!'"

"Hapo umeandika," Malkia alijibu. "Malkia aliinuka taratibu, akampanda ng'ombe wake mwenye tai ya shule shingoni."

Abdiel aliganda. Tai ile aliifunga mwenyewe asubuhi kwenye shingo ya ng'ombe wa bibi, fundo safi kama la kiranja mkuu. Tangu hapo aliyeingia zizini ni bibi peke yake, kukamua.

Akaandika: "Jemadari alivua kofia, akapiga magoti, akasema shikamoo."

Akakodolea simu macho.

"Marahaba, jemadari!" sauti ya bibi ikatoka jikoni. "Sasa tuione hiyo mikono ikifua tai."