Chupa ya Saba

Siku hizi mtu akitimiza miaka sabini hupimwa pua kila mwaka, na anayeshindwa haruhusiwi tena kulala kwake. Huhamishiwa Nyumba ya Uangalizi. Wanasema pua ikifa, akili nayo haiko mbali.

Mume wangu, Haroub, hasikii harufu tangu mwaka jana. Jirani aliyepimwa kabla yetu alinipa mpangilio wa chupa, nikamkaririsha kama mtoto wa chuoni anayehifadhi Kurani: karafuu, kahawa, samli, mafuta ya taa, limau, mdalasini. Asubuhi nikaifukiza kanga yangu udi, ule ule wa harusi yetu, nikamshika mkono tukaenda.

Muuguzi alimpa chupa moja moja. Haroub akanusa, akajibu, hakukosea hata moja. Nikaanza kupumua.

"Vizuri, babu," muuguzi akasema, akizifunga chupa zake sita. "Swali la mwisho halina chupa. Bibi amejifukiza nini leo? Chumba kizima kinanukia."

Haroub akanigeukia. Akainama mpaka shingoni kwangu, akavuta pumzi ndefu, kama alivyokuwa akifanya kila Ijumaa kwa miaka arobaini na minne. Kisha akanitazama midomo, akisubiri nimnong'oneze.

"Mama Rayhana," akasema polepole, "hii hukunifundisha."

Muuguzi akainamisha macho, akaandika.

Kanga ile sijaifua mpaka leo. Harufu yake naisikia peke yangu.