Lulu Yenye Kibyongo

Aliyetaka kiti kwenye meza ya wachambuzi wa lulu alipaswa kuchagua iliyo bora kati ya saba zilizowekwa juu ya kitambaa chekundu. Wanaume watatu walikwisha kuchagua zile za mviringo kamili. Kila mara Mzee Habshi, mkuu wa meza, aliirudisha lulu kitambaani.

Zamu ya Zuweina ilipofika, alizibeba zote hadi mlangoni, penye nuru ya asubuhi, akazisugua moja moja kwenye meno yake.

“Maskini, hajanywa chai huyu!” mmoja akatania, wenzake wakaangua kicheko.

Sita ziliteleza kama bilauri. Ya saba, yenye kibyongo, ilikwaruza kama mchanga mwembamba.

“Ni hii, mzee,” alisema, akimwonyesha. “Lulu ya kweli hukwaruza jino. Nyingine zote ni kioo.”

Kicheko kikakatika. Mzee Habshi akavuta kiti.

“Karibu mezani, mwanangu. Kitoe na hicho kitambaa chekundu, rangi yake imewazuga hawa vya kutosha.”

Zuweina akatandika leso nyeupe, akaiweka lulu katikati, akainama. Ndani yake aliuona uso wake, mdogo kama punje, ukicheka, na nyuma yake mlango uliofunguka wazi.